Deni la Kibangili: Sahihi Iliyokosekana

Kufuli lilibana nje ya mlango. Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita, msomaji wangu: Mwanvua ameinua kalamu, karatasi ya mkopo iko mbele yake, na mara mlango wa ofisi ya burgumestre unafungwa kutoka nje.

Kalamu ilibaki hewani.

Ndani ya chumba walikuwa watu watatu. Mwanvua mwenyewe, mtunza hazina wa komini ya Kibangili, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Kasongo mjini. Burgumestre Placide, mkuu wa komini. Na naibu wake, Christophe, ambaye kwa miaka mitano hakuwahi kukubaliana na Placide hata juu ya siku ya kufagia soko.

Burgumestre aliruka kutoka kitini, akatikisa kitasa. Mlango haukusogea.

"Nani iko pale?"

"Ni siye," sauti ya mwanamke ilijibu bila haraka. "Wamama wa soko."

Ilikuwa sauti ya mama Véronique. Kibangili nzima inaijua. Ndiye kiongozi wa wanawake wanaouza mchele, mawese na samaki wa Lualaba katika soko la komini, na hata mwaka ule wa mafuriko hakukosa siku ya soko.

"Mama Véronique, fungua mulango. Hii ni ofisi ya Leta, ya serikali."

"Najua ni ya Leta. Na soko ni ya nani?"

Burgumestre alitikisa kitasa tena.

"Tumesikia munauzisha soko," mama Véronique aliendelea. "Basi mutabakia mule ndani mpaka mutusomee hiyo karatasi. Tuko na maji, tuko na mihogo. Hatuna haraka."

Mwanvua alichungulia kupitia nondo za dirisha. Ilikuwa saa tatu ya asubuhi. Wanawake karibu mia moja walikuwa wamekaa chini uwanjani, vitenge vimefungwa kiunoni, na wengine walikuwa bado wanakuja kwa njia ya sokoni. Hakukuwa na kelele. Hilo ndilo lililomtisha.

Placide alirudi kitini. Alifuta jasho, akaisukuma karatasi karibu na Mwanvua.

"Tia mukono," alisema kwa sauti ya chini. "Ukitia, natoka naambia wafanyakazi watalipwa Jumatatu. Hawa wamama watafungua wenyewe."

Kama hukuwa nasi wiki jana, mambo ni haya. Gérard, mnunuzi wa dhahabu wa Salamabila, anataka kuikopesha komini dola laki moja na arobaini elfu. Wafanyakazi wa komini hawajaona mshahara kwa miezi kumi na moja, kwa sababu fungu linalotakiwa kutoka jimboni halifiki. Materinite, jengo la kuzalishia, imesimama nusu, upande mmoja una mabati, upande wa pili una mbingu. Kwa mkopo huo, Placide anasema, yote yatakwisha.

Na Gérard anapata nini? Ushuru wote wa soko na wote wa bariera, kizuizi cha barabarani, kwa miaka kumi na minne, moja kwa moja mfukoni mwake.

Muhuri wa komini ulikuwa tayari umepigwa. Sahihi ya Placide ilikuwepo. Ilibaki ya mtunza hazina. Lakini sasa, kwa kuwa mlango umefungwa na hana pa kwenda, Mwanvua alisoma tena ukurasa wa mwisho polepole, akaona kitu ambacho macho yake yalikuwa yameruka. Chini ya jina la Placide kulikuwa na jina lingine.

"Christophe," alisema. "Weye pia umetia mukono?"

Naibu alikuwa amesimama kwenye kona, mikono nyuma.

"Nimetia."

Mwanvua alimtazama kama mtu anayemwona mara ya kwanza. Kila mtu Kibangili aliujua ugomvi wa watu hawa wawili. Placide alisoma Kisangani, akarudi na imani moja: serikali ni mama wa maskini. Ijenge, itibu, iajiri, na ikikosa pesa ikope, maana mtoto mgonjwa hangoji mavuno. Christophe aliuza mchele Kindu miaka kumi kabla ya kuingia siasa, na imani yake ilikuwa kinyume: kila kitu serikali inachokishika kinaoza. Ilinde amani, iache watu wafanye kazi zao. Siku za baraza watu walijaa kuja kuwasikia wakibishana.

"Weye njo ulisema deni ni sumu," Mwanvua alisema. "Uliisema mbele ya watu, mara ngapi?"

"Deni ni sumu. Bado nasema." Christophe alikuja mezani. "Lakini angalia vizuri. Kwa miaka kumi na mine soko itakuwa mukononi mwa mutu anayejua biashara. Itakuwa na mwenyewe. Burgumestre anataka feza, miye nataka soko itoke kwa Leta. Karatasi ni moja."

"Kwa hiyo mumepatana."

"Kwa mara ya kwanza," Placide alisema, na alionekana kuona haya kidogo.

Mwanvua aliiweka kalamu chini. Miaka mitano alikuwa amejificha katikati yao. Placide akitaka kutumia, Christophe alikataa. Christophe akitaka kufukuza wafanyakazi, Placide alikataa. Na yeye akaandika vitabu vyake kwa amani. Sasa wamekutana, na aliyebaki katikati ni yeye.

"Kabla sijatia mukono," alisema, "nielezeni kipengele cha sita."

Placide alitazama sakafu.

Mwanvua alisoma kwa Kifaransa, kisha akajigeuzia mwenyewe kwa Kiswahili. "Mkopo huu utafuta kwanza deni la zamani la komini kwa Bwana Gérard, dola elfu tisini na saba." Aliinua uso. "Deni gani ya zamani? Kwenye vitabu yangu haiko."

Placide aligeuza uso.

"Burgumestre. Deni gani?"

"Daraja," Placide alisema.

Miaka mitatu iliyopita, mvua ya mwezi wa nne ilikuwa imechukua daraja la Kibangili. Wote waliikumbuka. Watu walivuka kwa kamba. Halafu, baada ya miezi miwili, magogo mapya yalikuja, chuma kikaja, na daraja likasimama. Placide alisema jimbo limesaidia. Watu walimpigia makofi.

"Jimbo haikutoa kitu," alisema sasa. "Niliandika barua ine. Nilichukua elfu makumi tatu na munane kwa Gérard. Ilikuwa kati yangu na yeye. Nilifikiri feza ya jimbo itafika, nimurudishie kabla mutu hajajua."

"Elfu makumi tatu na munane zikawa tisini na saba?"

"Kila mwezi aliongeza."

"Na hukuniambia."

"Watu wawili walizama kwenye mto mwezi ule, Mwanvua. Mumoja alikuwa anaenda kuzaa." Aliinua uso. "Ningekuambia, ungesema hakuna feza. Na ni kweli hakukuwa. Sasa niambie, ungefanya nini?"

Mwanvua alivuka daraja lile kila asubuhi.

Lakini hesabu haikumsubiri amwonee mtu huruma. Laki moja na arobaini, toa tisini na saba, zinabaki arobaini na tatu. Mishahara ya miezi kumi na moja ni zaidi ya elfu sitini. Materinite haitapata hata msumari.

"Hii haitoshi mishahara," alisema.

"Inatosha miezi saba," Placide alisema. "Halafu tutaona."

"Tutakopa tena."

Placide hakukana.

Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo lilimjia Mwanvua polepole. Mara tatu, kila mwisho wa mwaka, alikuwa ameandika ripoti kwenda jimboni: komini ya Kibangili haina deni kwa mtu binafsi. Mara tatu alikuwa ametia sahihi. Nani atamwamini kwamba hakujua?

"Umeelewa sasa," Christophe alisema taratibu. "Ukikataa, deni ya zamani inatoka inje. Na ikitoka, haitatoka na jina ya burgumestre peke yake."

Hapo simu ya Mwanvua ikalia.

Alikuwa baba yake.

Mzee Faradji ana miaka sabini na mmoja na duka la vifaa vya ujenzi pale Kasongo, duka alilorithi kwa baba yake. Yeye ndiye aliyetoa saruji na mabati ya materinite ya Kibangili, kwa mkopo, dola elfu ishirini na mbili. Aliyemwomba atoe ni binti yake. "Komini italipa, baba," alimwambia. "Miye mwenyewe njo nashika hazina."

"Mwanangu," mzee alisema. "Habari ya kazi?"

"Nzuri, baba. Kuna nini?"

"Hapa nyumbani kuna mgeni. Anaitwa Gérard. Tumempa kahawa."

Mwanvua alikaa.

"Ile saruji niliichukua Kalemie kwa deni, unajua. Yule tajiri wa Kalemie amechoka kungoja, akaiuza deni yangu kwa huyu. Sasa huyu njo mwenye kunidai. Anaomba karatasi ya nyumba kabla ya swala ya adhuhuri." Mzee alishusha sauti. "Sikuombi kitu, mwanangu. Nakuambia tu kinachotokea."

Kulikuwa na mtikisiko, kisha sauti nyingine, ya upole, ya mtu aliyeshiba.

"Dada Mwanvua, jambo. Ni Gérard. Usiniwazie mubaya. Leta ikikopa, lazima kuna mutu wa kukopesha. Jimbo hailipi, banki haiko, nani anabakia? Miye. Kosa yangu iko wapi?"

"Baba yangu anaingilia wapi?"

"Haingilii. Ukitia mukono, deni yake napasula hapa hapa mbele yake. Usipotia, miye ni mufanya biashara tu, nachukua yangu. Mukiwa tayari, munipigie. Kahawa ya mama yenu ni tamu."

Simu ilikatika.

Chumba kilikuwa na joto. Nje mtu alikuwa anaimba polepole, wimbo wa kanisani, na wengine wakaitikia. Placide alikuwa amesikia kila neno, Christophe pia. Hakuna aliyekuwa na uso wa kufurahi.

"Tia mukono," Christophe alisema. "Hakuna mutu atakulaumu. Unaokoa mzazi, unalipa wafanyakazi, unafunika ripoti. Mambo matatu kwa kalamu moja."

Ilikuwa kweli. Ndiyo iliyomchosha. Kila upande aliogeuka, mtu alikuwa amesimama na sababu nzuri.

Aliichukua kalamu. Ncha yake iligusa karatasi, ikaacha nukta ndogo ya bluu.

Halafu Mwanvua alisimama, akachukua karatasi zote, akaenda dirishani.

"Unafanya nini?" Placide aliuliza.

"Wamesema wasomewe."

"Ni karatasi ya siri ya ofisi," Christophe alisema. "Ukisoma, umevunja sheria."

"Ni soko yao."

Placide alinyoosha mkono kumzuia, kisha, sijui kwa nini, akauacha ushuke. Labda naye alikuwa amechoka kubeba peke yake.

Mwanvua alisimama kwenye nondo, akasoma. Hakusoma Kifaransa. Alisoma kwa Kiswahili cha nyumbani, kipengele kwa kipengele, na kila tarakimu aliirudia mara mbili. Wimbo ulikoma. Alisoma dola laki moja na arobaini. Alisoma miaka kumi na minne. Alipofika kipengele cha sita, alisimama kidogo, akawaambia daraja lao lilijengwa na pesa ya nani.

Alitarajia makelele. Yalikuja, lakini si yale aliyoyafikiria.

Wa kwanza kusimama alikuwa Sarah-Grâce, mkunga wa materinite, binti wa mama Véronique mwenyewe.

"Miye nasema atie mukono," alisema. "Miezi kumi na moja nazalisha wamama bila franga. Mvua ikinyesha tunasukuma vitanda upande ule wa mabati. Kama kuna ya miezi saba, nipe ya miezi saba. Kesho ni ya Mungu."

Wanawake kadhaa waliitikia. Walikuwa wake za walinzi, wake za makarani, wake za wafagiaji wa komini.

"Na siye?" Julienne, muuza mawese, alisimama na mtoto mgongoni. "Huyu iko na mwaka moja. Atafika miaka kumi na tano analipia daraja alilokuta. Na Gérard akipandisha ushuru, tutashitaki kwa nani?"

"Daraja unavuka ama huvuki?" Sarah-Grâce aliuliza.

"Navuka. Nimesema sivuki?"

Uwanja uligawanyika. Dada kwa dada, jirani kwa jirani, walisimama wakanyoosheana vidole. Mwanvua aliwasikiliza akiwa ameshika nondo, na akaona kwamba wale walioko nje hawakuwa huru kuliko yeye.

Mama Véronique peke yake hakusimama. Alingoja mpaka wamechoka. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei:

"Mwanangu. Soko na bariera zinaingiza ngapi kwa mwezi?"

"Dola elfu mbili na mia tano, mama, ikikusanywa yote."

"Kwa miaka kumi na mine?"

Mwanvua alikuwa ameshaipiga. "Laki ine na makumi mbili elfu."

"Na yeye anatoa laki moja na makumi ine, na tisini na saba inarudi kwake."

"Ndiyo."

"Bon." Mama Véronique alimgeukia binti yake. "Umeuliza miezi saba. Uliza sasa ya munane."

Sarah-Grâce alimwangalia mtunza hazina dirishani. "Mwezi wa munane tutalipwa na nini, mama komptable?"

"Hakuna kitu," Mwanvua alisema. "Ushuru itakuwa ya Gérard. Kama jimbo haitumi, komini haitakuwa hata na feza ya kununua chaki."

Sarah-Grâce alikaa chini taratibu. Kukaa kwake kuliwanyamazisha wengi.

"Na weye mwenyewe," mama Véronique alisema, "unaona namna gani? Unajua hesabu kuliko siye."

Swali hilo Mwanvua alikuwa analiogopa tangu asubuhi.

"Miye musiniulize, mama. Niko na faida ndani."

"Faida gani?"

Aliwaambia yote. Aliwaambia juu ya ripoti tatu alizotia sahihi, za uongo ingawa hakujua. Aliwaambia juu ya saruji, juu ya Kalemie, juu ya mtu anayekunywa kahawa nyumbani kwao wakati huu. Sauti yake ilitetemeka kwenye neno moja tu, neno nyumba.

"Nikitia mukono, baba yangu anapona. Nisipotia, leo anatoka kwenye nyumba aliyozaliwa. Na miye nitaitwa kujibu pamoja na burgumestre. Sasa mumejua. Nikiwaambia nitie ama nisitie, mujue ni nani anasema."

Mwanamke mmoja mzee alitikisa kichwa, akatema mate pembeni, si kwa dharau, bali kama mtu aliyeonja kitu kichungu.

"Haya," mama Véronique alisema. "Siye tumesema yetu. Kalamu ni yako."

Kuna wakati, msomaji, mtu hutamani afungiwe zaidi ili asilazimike kuchagua. Mwanvua alirudi mezani. Alimfikiria baba yake akikunja mkeka wake wa swala. Aliwafikiria wale mia moja, na watoto wao.

Alifunga kalamu, akaiweka mfukoni.

"Sitii mukono," alisema kwa sauti iliyofika uwanjani.

Placide alifunika uso kwa viganja. Christophe alimgeukia Mwanvua.

"Umemutupa baba yako inje," alisema.

Mwanvua alikuwa anakusanya vitabu vyake.

Mlango ulifunguliwa. Mama Véronique alikuwa amesimama pale na ufunguo, kamba yake imening'inia shingoni. Alimshika Mwanvua bega, akambana mara moja, akamwachilia. Nje jua lilikuwa limefika utosini. Watu walianza kuinuka, wakipangusa vumbi. Mtu alimpa kikombe cha maji. Mwanvua alikunywa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alipumua mpaka chini.

Simu ilitikisika mkononi mwake. Ilikuwa picha, kutoka kwa Gérard.

Ilichukua muda kufunguka, maana reso ya Kibangili, mtandao wa simu, ni ya kubahatisha. Kwanza ilionekana meza. Kisha karatasi. Mkataba uleule, nakala ya pili, yenye muhuri wa komini, sahihi ya Placide, sahihi ya Christophe.

Na chini kabisa, kwa wino mweusi, sahihi ya tatu. *Mwanvua Faradji.*

Maneno mafupi yaliifuata: *Asante, dada. Tumemaliza.*

"Mulimuachia nakala yenye muhuri?" Mwanvua alimuuliza Placide.

"Aliomba ya kusoma," Placide alisema. Alikuja akaangalia juu ya bega lake, na uso wake ukabadilika. "Kumbe ulishatia mukono?"

Hakukusudia kusema kwa sauti. Lakini alisema, na wanawake walisikia.

Waliokuwa wanaondoka walisimama. Julienne alirudi. Sarah-Grâce alirudi. Duara likaanza kufungwa tena, safari hii bila mlango na bila kufuli.

Mwanvua hakuwaona. Alikuwa anaangalia herufi. Yeye huandika jina lake likiinamia kulia, kwa haraka, kama walimu wa lise, yaani sekondari, walivyomfundisha. Herufi hizi ziliinamia kushoto, zimeandikwa moja moja, kwa uangalifu wa mtu aliyejifunza kuandika chuo cha Kurani, kwa Kiarabu, kabla ya kujua a, e, i, o, u. Ni mtu mmoja tu aliyeandika hivyo jina la Mwanvua. Aliliandika kwenye daftari lake la kwanza la shule.

"Onyesha," mama Véronique alisema.

Mwanvua alimpa simu. Mama aliitazama, akaivuta karibu, akaitazama tena.

"Ni mukono yako?"

"Hapana."

"Basi ni ya nani?"

Christophe alikuwa amesogea ubavuni pake. Alinong'ona bila kugeuza kichwa.

"Fikiri vizuri. Mwenye kuandika jina ya mutu kwenye karatasi ya Leta anaenda gereza. Miaka mingi. Na muzee wa sabini haitoki gereza akiwa mzima. Sema tu ni yako. Neno moja."

Akisema ni yake, miaka kumi na minne ya soko imekwenda, na wanawake hawa wataamini kwamba alikuwa anacheza nao dirishani. Akisema ni ya nani, amemfunga baba yake kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwanangu," mama Véronique alisema tena, na safari hii upole ulikuwa umepungua. "Mukono ni ya nani?"

Mwanvua alifungua kinywa.

Simu ililia mikononi mwa mama Véronique. Kwenye kioo paliandikwa: *Baba.*

Mama hakumrudishia. Alibonyeza, akaweka sauti kubwa, akainyoosha katikati ya duara.

"Mwanvua?" Sauti ya mzee Faradji ilikuwa ya chini, kama anazungumza amegeukia ukuta. "Umeiona picha?"

"Nimeiona, baba."

"Uko peke yako?"

Alitazama nyuso zilizomzunguka. Angeweza kusema ndiyo.

"Hapana, baba. Niko na wamama wa soko. Wanasikia."

Walisikia mzee akivuta pumzi.

"Ni vizuri," alisema. "Basi wasikie. Jina ile nimeandika miye. Mutoto wangu hakujua. Niliona nyumba ya baba yangu inaondoka, nikasema nitamwandikia, atanisamehe. Nimemaliza kuandika, ningali nimeshika kalamu, nikajua nimefanya nini. Nimemwambia huyu bwana anirudishie. Amekataa." Sauti ilipanda. "Sijui majina yenu, wamama wa Kibangili, mwanangu hakutia mkono. Mukiulizwa mbele ya jaji, museme Faradji wa Kasongo njo aliye..."

Kitu kilianguka upande ule, kikapasuka. Simu ikakatika.

Mwanvua aliinyakua. Alipiga. Ikalia mpaka mwisho. Alipiga tena. Mara ya tatu mtu alipokea, lakini hakuwa baba yake, na hakuwa Gérard.

"Ni miye Nourdine, wa duka ya pembeni," sauti ilisema, ikihema. "Nimekuta simu chini. Viatu vya muzee viko hapa mulangoni."

"Na yeye mwenyewe iko wapi?"

"Vijana wawili wamemupandisha pikipiki katikati yao. Yule mugeni iko nyuma kwa pikipiki ingine, ameshika bahasha."

"Wameelekea wapi, Nourdine?"

"Barabara ya Kabambare," Nourdine alisema. "Wanakuja kwenu Kibangili."